Simu ya Mwandishi Imebeba Watu



Safari hii tuongee juu ya vijana wetu wanaosomea uandishi wa habari. Wakija likizo hapa Nkubu hufika mikutanoni na simu mkononi, wanapiga picha, wanarekodi, wanauliza pesa za kahawa zilienda wapi. Tunafurahi, ni watoto wetu. Lakini je, yale tunayowaambia yanalala wapi usiku?

Msichana mmoja tuliyemfundisha alirekodi mama mjane akieleza jinsi alivyoombwa kitu kidogo katika ofisi fulani ili apate haki yake. Baadaye simu ilivunjika kioo, akaiacha kwa fundi. Haikuwa na namba ya siri. Kabla ya Jumapili ile sauti ilikuwa imemfikia yule aliyetajwa. Mama hakuguswa, tunamshukuru Mungu, lakini alikaa miezi mingi bila kuja kikundini. Msichana alitulilia akisema, "Si mimi niliyeitoa." Ni kweli hakuitoa. Hakufunga tu.

Tangu hapo tunaanza somo na kufunga. Simu iwekwe namba ya siri, na isiwe mwaka wa kuzaliwa. Laini nayo ina PIN yake, ambayo wengi hawajaiwasha. Ukishaiwasha, mwizi akiitia laini yako katika simu nyingine na kukosea mara 3, inajifunga mpaka apate PUK, yaani zile tarakimu 8 zilizo kwenye kadi ya plastiki. (Hiyo kadi ndiyo sisi hutupa siku ile ile tunaponunua laini!)

WhatsApp hufunguliwa kwa tarakimu 6 zinazotumwa kwa SMS. Mtu akikupigia akitaka umsomee hizo tarakimu, hata akijiita afisa au padre, anataka kuingia kwa jina lako na kusoma yanayoendelea kwenye magrupu yenu. Kata simu. Halafu ingia kwenye mipangilio uongeze PIN ya pili.

Kwa habari nzito tunawaambia vijana wasitaje jina la msemaji katika rekodi. Liandikwe kwenye daftari linalobaki nyumbani. Kabla ya simu kwenda kwa fundi, sauti ihamishwe, ifutwe, na pipa la takataka la simu nalo limwagwe, kwa sababu kilichofutwa hukaa humo siku kadhaa. Kamera nayo izimwe alama ya mahali, maana picha yaweza kuonyesha boma la mtu bila yeye kujua.

Katiba ya 2010 inalinda uhuru wa vyombo vya habari katika kifungu cha 34, na siri ya mtu katika kifungu cha 31. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ya kuelezwa habari zako zitatumiwaje. Kwa hivyo kumuuliza kijana si kumdharau.

Maswali ya kujadili kikundini:

1. Nani hapa amewahi kurekodiwa, na aliuliza rekodi inaenda wapi?

2. Simu ya katibu wetu ikipotea leo, ni majina ya nani yatakuwa mikononi mwa mwizi?

3. Nani atatuonyesha leo jinsi ya kuwasha PIN ya laini?