Baba Yuko Uingereza, Ploti Iko Noonkopir

Hapa Kitengela nina jina la pili: Mama Korti. Nilipachikwa nilipokuwa nikimdai baba wa kitinda mimba wangu matunzo, yeye akiwa Uingereza, mimi nikiwa hapa nanunua maji kwa mitungi. Siku hizi akina mama wadogo kwangu hunisimamisha njiani na kunivuta kando. Wengi wana biashara zao na mipango mikubwa kuliko niliyokuwa nayo mimi, kwa hiyo sitawafundisha kujikaza; hilo wanalijua. Nitawaambia tu yale ambayo yangeniokolea nauli ya kwenda kortini Kajiado.

1. Yule mwanamke mwingine abaki nje ya karatasi

Nilikwenda kwa wakili na maelezo niliyoandika mwenyewe kwa mkono, kurasa na kurasa. Yule mwanamke wake mwingine, wa Leicester, alikuwemo karibu katika kila aya: alivyoposti picha, alivyovaa, alivyocheka. Wakili alisoma kwa utulivu, akachukua kalamu nyekundu na kuanza kukata. Alipofika mwisho palikuwa pamebaki tarehe ya kuzaliwa mtoto, shule anayosoma na karo inayodaiwa. Nikaona nimeibiwa hadithi yangu.

Mahakama ya watoto haitafuti nani alimwacha nani. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinasema mama na baba wana wajibu sawa wa kumlea na kumkimu mtoto, wawe wameoana au hawajaoana. Sheria ya Watoto ya 2022 imesimama juu ya msingi huohuo. Ukitaka matunzo yako mwenyewe kama mke, kuna Sheria ya Ndoa ya 2014, na hayo ni madai mengine. Mimi nilikuwa nimeyapika yote katika sufuria moja.

Kabla ya korti kuna afisa wa watoto wa kaunti ndogo, anayeweza kuwaita wazazi wote wawili, hata mmoja akiwa kwenye simu, mkaandikiana makubaliano. Kama huna pesa za wakili, FIDA Kenya wamekuwa wakiwasaidia wanawake tangu 1985, na huwafundisha wengine kujisimamia kortini wenyewe. Nimewaona wanawake waliofunzwa hivyo wakisimama mbele ya hakimu bila kutetemeka. Mimi nilikuwa na wakili na bado nilitetemeka.

2. Pesa alizowahi kutuma, zitaje

Nilikuwa nimezificha. Nilidhani hakimu akijua kwamba baba alikuwa akituma kitu kwa miaka miwili ya kwanza, ataniona mlafi. Kumbe rekodi zile ndizo zilizonibeba: zilionyesha anamkubali mtoto kuwa wake, na zilionyesha kiasi alichoweza kutoa alipotaka. Taarifa ya M-Pesa unaipata kwa kubonyeza *334#, bila kupanga foleni popote.

Jumbe za WhatsApp nazo nilizichapisha pale saiba, rundo zima, nikaja nazo nikijivuna. Zikawekwa kando. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inadai cheti kinachoeleza zimetoka kwenye simu gani, nani aliyezichapisha na kwa njia gani. Cheti chenyewe ni ukurasa mmoja. Ukikikosa, ule ujumbe wake wa "mwambie mtoto nitalipa karo" unaweza kukataliwa ukiwa mkononi mwako.

3. Samansi huvuka bahari

Hofu yangu kubwa ilikuwa hii: atasema hakuitwa. Anwani yake sikuijua. Lakini tangu kanuni za mwenendo wa kesi za madai ziliporekebishwa 2020, samansi inaweza kupelekwa kwa barua pepe au kwa programu ya ujumbe, kwenye nambari ambayo mtu anajulikana kuitumia. Aliye nje ya nchi, unaomba kwanza idhini ya korti. Anayeipeleka ni mtu anayetambuliwa na korti, naye huapa na kuambatisha uthibitisho kwamba imefika. Kwa hiyo usimtumie wewe mwenyewe saa nane za usiku ukiwa na hasira, kama nilivyotaka. Na usigombane naye mpaka akubloki. Nambari ile unaihitaji.

Jirani yangu mmoja, ambaye baba watoto wake alikuwa Qatar, hakuhitaji hata simu. Alisubiri Desemba. Bwana alirudi na masanduku, akachinja mbuzi, akaalika mtaa. Mpeleka samansi alifika nyama ikiwa bado kwenye makaa, akasalimu kwa adabu, akamkabidhi bahasha, akakaribishwa sahani. Alikula.

4. Anza na kilicho hapa

Hapa ndipo nilipopoteza muda mwingi, kwa hiyo nivumilieni.

Kenya ina sheria ya zamani, Sura ya 154, ya kutekeleza amri za matunzo kati yetu na nchi nyingine, hasa za Jumuiya ya Madola. Kwa aliye Uingereza, korti ya hapa husikiliza upande wako na kutoa amri ambayo haina nguvu mpaka ithibitishwe kule. Makaratasi hupita serikalini hadi kitengo kiitwacho REMO mjini London, kisha mahakama ya anakoishi humwita ajieleze. Shirika la Child Maintenance Service, ambalo kila shangazi aliye Uingereza atakutajia, halikusaidii. Kwa kawaida linashughulika na watoto wanaoishi huko. Marekani kila jimbo lina ofisi yake ya matunzo, na mzazi akiingia kwenye mfumo wao na deni likapita dola 2,500, anaweza kunyimwa pasipoti. Mambo haya niliyasoma usiku kwa simu mpaka nikajiona wakili wa kimataifa.

Na kila asubuhi, nikienda stendi, nilikuwa napita kando ya nyumba zake za kupangisha.

Zipo Noonkopir, bedsita za ghorofa moja, geti la buluu, keateka anamwagia vumbi maji. Wapangaji wengi ni wafanyakazi wa EPZ, na kabla ya tarehe tano kila mmoja amelipa kodi kwa paybill ya ajenti. Yaani pesa za baba mtoto zilikuwa zikipita mbele ya mlango wangu kila mwezi, nami nazitafuta London! Amri ya korti ya Kenya haihitaji ruhusa ya mtu yeyote ng'ambo kufika Noonkopir. Mdaiwa asipolipa, korti inaweza kukamata mali yake, au kumwamuru anayemshikia pesa, kama ajenti, azilipe kwako.

Ila usiape usichokijua. Nilikuwa tayari kula kiapo kwamba ana ploti mbili. Wakili alinituma kwanza kwenye ofisi ya ardhi mjini Kajiado nikafanye sachi. Ya nyumba ilikuwa kwa jina lake. Ile ya upande wa Isinya, ambayo nilisimama juu yake nikapigwa picha siku ya kuweka mawe ya mpaka, ilikuwa ya kakake. Kama ningeapa, wakili wake angeanza na uongo huo na hakimu asingenisikiliza tena.

Habari ya sachi ilimfikia baba mtoto kabla ya amri yoyote. Wiki hiyo alipiga simu yeye mwenyewe, sauti ya upole niliyoisahau.

5. Utaulizwa wewe unaleta nini

Hakimu alinigeukia: "Nawe mama, mapato yako ni kiasi gani?" Nilishtuka. Nilidhani nimekuja kudai, si kukaguliwa. Lakini wajibu ni wa wote wawili, na kila mzazi hutoa hati ya kiapo ya mapato yake. Kibanda changu cha mitumba kikaandikwa, na kodi ya nyumba, chakula, maji, nauli ya shule. Kusema kweli, ndiyo mara ya kwanza nilipojua mtoto wangu anagharimu nini. Beba risiti. Usiongeze sifuri, maana hakimu wa Kajiado naye ananunua unga.

6. Amri hubadilishwa

Omba malipo yapite kwenye akaunti au M-Pesa, yasipite kwa mama mkwe, maana ya mkononi hayana rekodi. Mtoto akiingia sekondari ya juu au akiugua, rudi kortini uombe kiasi kiangaliwe upya. Naye baba akipoteza kazi ana haki hiyohiyo. Mtoto akifikisha miaka 18 akiwa bado anasoma, au akiwa na ulemavu, sheria inaruhusu wajibu wa wazazi uongezwe, lakini ni lazima mtu aombe. Mimi nilianza kukusanya makaratasi ya ombi hilo wangu akiwa na 17. Ripoti za shule, risiti za karo na nakala ya cheti cha kuzaliwa ziweke pamoja kuanzia leo.