Sikio Linapodanganywa na Jicho: Je, Imani Bado Huja kwa Kusikia?



Wapendwa vijana, Mtume Paulo anawafundisha Warumi (sura ya 10) kwamba imani inatufikia kwa kusikia. Naye Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika utenzi wa Ekaristi uitwao Adoro te devote, anakiri kwamba mbele ya Sakramenti macho, mguso na ulimi havitoshi; cha kutegemea ni sikio. Sasa rafiki yako anayesoma saikolojia chuoni anakuuliza: “Mbona sikio nalo linadanganyika? Si imethibitishwa maabara?” Utamjibu nini? Usikimbilie kumwambia ana pepo. Anachosema ni kweli.

Aliyeonyesha hilo ni Harry McGurk, Mskoti. Kabla ya sauti alichunguza macho: mwaka 1974 yeye na Gustav Jahoda walitoa utafiti kuhusu watoto wa Ghana na wa Uskoti, jinsi wanavyotambua kilicho karibu na kilicho mbali ndani ya picha. Kisha, Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, yeye na msaidizi wake John MacDonald wakawa wanachunguza jinsi watoto wachanga wanavyopokea matamshi. Waliomba fundi awaunganishie video ya dada anayetamka “ga” na sauti ya “ba”. Walipotazama, wakasikia “da”. Mwanzoni walidhani fundi kakosea. Lakini wakigeuza macho pembeni, “ba” safi kabisa. Wakitazama tena, “da”.

Wakawapima watu 103, wadogo kwa wakubwa, na mwaka 1976 wakachapisha matokeo katika jarida la Nature. Kwa watu wazima, asilimia 98 ya majibu yalikuwa “da”.

Hebu jaribu mwenyewe mbele ya kioo. Ukisema “ba”, lazima midomo ifunge. Ukisema “ga”, midomo iko wazi, kazi inafanyika nyuma ya ulimi. Ubongo unaletewa “ba” na masikio, lakini macho yanauambia midomo haikufunga, basi unatafuta silabi ya katikati inayopatana na pande zote mbili. Na hata ukishaijua siri, wengi bado mnasikia “da”. (Si watu wote sawa: tafiti za baadaye ziliona Wajapani wanayumbishwa kidogo kuliko wazungumzaji wa Kiingereza.)

Sisi wa Msimbazi tunalijua hili bila maabara. Simama Kariakoo saa kumi jioni: honi, spika za wamachinga zinataja bei, mwendokasi unapita. Muuzaji anakutajia bei na wewe unamtazama mdomoni. Tangu mwaka 1954 Sumby na Pollack, kule Marekani, walishapima kwamba kadiri kelele inavyozidi, ndivyo uso wa msemaji unavyosaidia zaidi. Yaani jicho linalomdanganya sikio maabara ndilo linalolisaidia sokoni.

Turudi kwa rafiki yetu. Aristotle alifundisha kwamba kila mlango wa fahamu una kitu chake, rangi kwa jicho, sauti kwa sikio, na hapo ni nadra kukosea. Nadhani mkanda wa McGurk unalibana kidogo fundisho hilo. Lakini yeye na Thoma walifundisha pia kwamba ndani yetu kuna hisi ya pamoja inayokutanisha yote, na hapo mkanda uko upande wao.

Ila jibu lenyewe liko kwingine. Thoma anapotegemea sikio, hapimi ngoma ya sikio. Anamwamini Aliyesema, Mwana wa Mungu. Mama akikupigia simu mtandao ukawa unakatakata, ukasikia neno vibaya, humtilii shaka mama, unamwomba arudie.

Na kama imani ingekuwa kazi ya masikio tu, viziwi wangebaki nje. Kanisa halikuona hivyo: mwaka 1963 Wakatoliki walifungua Tabora shule ya kwanza ya viziwi nchini. Soma Marko 7:31-37 polepole. Yesu anamtoa kiziwi kwenye umati, anaweka vidole masikioni mwake, anamgusa ulimi, anatazama mbinguni, anaugua. Yote hayo mtu yule angeweza kuyaona au kuyahisi mwilini. Ndipo likaja neno, “Efatha”. Angalia mpangilio huo.

Kwa hiyo ninyi mnaosoma masomo Jumapili, nawaomba: msifiche mdomo nyuma ya maiki, na msiongee na karatasi mwanzo hadi mwisho. Inueni uso. Pale viti vya nyuma, feni zinavuma na barabarani kuna honi, yupo bibi ambaye masikio yake yamechoka, naye anawatazama midomo.