Kuziba Maungio ya Bomba Yanayovuja Nyumbani

Kabla ya kulalamikia ankara ya maji, funga koki zote za nyumbani kisha uitazame dira kwa nusu saa. Ikiendelea kuzunguka, maji yanapotea baada ya dira, na gharama yake ni yako. Glasi ya mililita 250 ikijaa chini ya maungio kwa dakika 10, umepoteza lita 36 kwa siku. Kwa siku 30 ni lita 1,080, yaani zaidi ya uniti moja.

Kwa wateja wa Ngara na Biharamulo tunasisitiza jambo jingine. Katika nchi ya vilima, nyumba iliyo chini sana ya tenki hupata msukumo mkubwa wa maji, nao hufichua kila ungio lililofungwa kwa kubahatisha. Wengi hulizungushia kitambaa au mpira wa baiskeli kwa nje. Hatushauri hivyo. Maji yanapokatika, bomba tupu huweza kufyonza tope kupitia upenyo uleule, na tope hilo likaishia kwenye ndoo ya kunywa.

Ungio la nyuzi huzibwa ndani ya nyuzi zenyewe. Funga koki kuu iliyo baada ya dira, fungua bomba la chini kabisa maji yaishe, kisha lifungue ungio. Ondoa utepe wa zamani na kutu, safisha nyuzi na uzikaushe. Elekeza ncha ya bomba kwako, uvingirishe utepe mweupe wa mafundi kwa kufuata mwendo wa saa, mizunguko mitatu hadi mitano, ukiuvuta uzame. Ukivingirishwa kinyume, utafumuka wakati wa kukaza. Acha uzi wa kwanza wazi ili utepe usiingie njia ya maji. Kaza kwa mkono, kisha kwa spana kiasi cha mzunguko mmoja. Ukilazimika kulegeza, anza upya kwa utepe mpya.

Plastiki haitaki nguvu; ikikazwa mno hupasuka, na hapo hakuna utepe utakaosaidia. Ungio lenye mpira wa duara ndani nalo huzibwa na mpira huo: ukichakaa, ubadilishe.

Dira, lakiri yake na bomba linaloitangulia usiviguse. Toa taarifa kwa mamlaka inayokuhudumia, uandike tarehe na jina la aliyeipokea. Usiporidhika na majibu, leta kumbukumbu hizo EWURA pamoja na malalamiko yako.