Kabla ya Kumwandikisha Mtoto Darasa la Kwanza, Hesabu Saa Zake

Kila ifikapo Oktoba, shule za msingi hapa nchini huanza kuandikisha watoto wa awali na darasa la kwanza kwa ajili ya Januari. Msimu huo sisi walimu wa dini huulizwa sana: "Ustadhi, nimpeleke mtoto shule gani?" Ukimuuliza mzazi anaangalia nini, atakutajia Kiingereza, gari la shule, sare na matokeo ya darasa la saba. Ni nadra kumsikia akitaja saa.

Jirani yangu mmoja hapa Mbagala alimpeleka binti yake wa miaka sita shule ya binafsi upande wa pili wa jiji. Uwezo anao, na aliitaka kheri. Gari lilipiga honi saa kumi na moja na robo alfajiri, adhana ndiyo kwanza imekwisha. Lilimrudisha saa kumi na mbili jioni, mtoto kalalia begi. Madrasa ya mtaani kwetu husomesha baada ya Alasiri mpaka karibu na Magharibi. Binti aliyekuwa akipanda vizuri katika Juzuu Amma, baada ya mwaka akawa anababaika kwenye Suratul-Fiyl. Baba akamlaumu ustadhi wa madrasa. Sasa ustadhi huyo amfundishe saa ngapi?

Mtume (s.a.w.) ametuelekeza tuwaamrishe watoto swala wafikapo miaka saba. Umri huo ndio huu wa darasa la kwanza na la pili. Kwa maana hiyo, unapochagua shule unachagua pia mtoto ataswali wapi Adhuhuri, na kama Alfajiri ataipata nyumbani au itampita garini. Na Luqman, kama tunavyosoma katika sura ya 31, alimuusia mwanawe yeye mwenyewe, kwa mdomo wake. Mtoto anayefika nyumbani amesinzia atausiwa na nani?

Wapo watakaosema dawa ni shule ya Kiislamu. Ni kweli, zipo nzuri, na waliozijenga Allah awalipe. Lakini jina la Kiarabu juu ya lango halitoshi. Nenda siku ya kazi, si siku ya mahafali. Uliza namba ya usajili wa Wizara. Uliza nani anawasimamia watoto wakati wa swala, na maji ya udhu yako wapi. Mwalimu mkuu akianza kukuonyesha kompyuta, rudia swali.

Bweni kwa watoto wadogo nalo halina mjadala mrefu. Mwaka 2023 Serikali ilizuia huduma ya bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne. Binafsi naona ilichelewa.

Inabaki shule ya serikali ya mtaani, ambayo wengi wetu tunaidharau. Ada ilifutwa, na mzazi anagharimia sare, madaftari na mengine madogo madogo. Madarasa yamejaa, hilo silifichi. Baadhi ya shule za Dar es Salaam husoma kwa zamu. Ila ipo karibu, na ratiba ina kipindi cha dini. Tatizo ni kwamba mwalimu wa kipindi hicho hutakiwa kutoka kwetu sisi wenye dini, na mara nyingi hafiki. Nimefika shule ambazo watoto wa Kiislamu walikuwa nje wakicheza rede, wenzao Wakristo wako darasani na mwalimu wao. Hapo tumlaumu nani?

Cheti cha kuzaliwa kishughulikieni mapema RITA. Kila Januari nawaona akina mama foleni, mtoto mgongoni, mwingine mkononi, wakati baba alikuwa na miaka sita ya kukifuatilia.

Jirani yangu alimhamisha binti yake. Sasa anatembea dakika kumi na tano hadi shule ya msingi ya hapa hapa, na jioni yuko madrasa. Wiki ya kwanza baba alikwenda kuuliza nani anafundisha kipindi cha dini. Mwalimu mkuu akamjibu kuwa nafasi iko wazi tangu mwaka juzi, na hajapata mzazi mwingine aliyekuja kuuliza.