Mafunzo Niliyopata Kwenye Taka za Mkonge

Katika kilo 100 za majani ya mkonge, nyuzi ni takribani kilo 4 tu. Zilizobaki ni maji na makapi yanayotiririka chini ya korona, mashine ya kutenganisha nyuzi na majani. Pale Hale, Tanga, taka hizo ziliwahi kugeuzwa gesi ya kuzalisha umeme. Wewe kijana unayetaka kuzitoa kemikali zenye soko, haya ndiyo ningependa uyajue mapema.

1. Ugonjwa wa biogesi ndio mavuno yako

Fundi wa biogesi huomba usiku na mchana mtambo wake usichache. Asubuhi moja tuliukuta wetu umechacha: pH iko chini ya 5.5, jiko haliwaki, na ukifungua bomba unapigwa na harufu ya siagi iliyovunda. Wenzangu wakakimbilia chokaa. Mimi nikachota chupa moja kwenda kupima. Ilijaa asidi ya asetiki na ya butiriki, na nilistaajabu kuona kwamba ndizo nilizokuwa nazitafuta.

Pasipo hewa, bakteria huanza kwa kuvunja sukari na wanga kuwa asidi hizo. Viumbe wanaotengeneza methani huja mwishoni kuzimalizia. Hao huzaana polepole na hawauwezi uchachu. Basi acha mtambo uchache, na yatoe majimaji baada ya siku chache tu, kabla hawajaongezeka. Chokaa iweke mbali.

2. Kutenganisha ndiko kazi

Asidi ya asetiki huchanganyika na maji kwa kiwango chochote. Ukiyachemsha maji yote ili uipate, utateketeza nishati yenye thamani kubwa kuliko asidi yenyewe.

Njia nzuri niliyoiona ni kurefusha mnyororo wa kaboni. Yuko bakteria aitwaye Clostridium kluyveri, aliyepatikana Delft, Uholanzi, katika miaka ya 1930. Mpe ethanoli pamoja na asidi ya asetiki, naye ataunganisha kaboni 2 ziwe 4, kisha 6. Asidi hiyo ya kaboni 6, kaproiki, huyeyuka takribani gramu 10 tu kwa lita. Tulidondoshea asidi kali kwenye chupa ya kioo yenye majimaji hayo yaliyochachushwa, tukaiacha mezani. Tuliporudi, mafuta yenye rangi ya chai hafifu yalikuwa yameelea juu, na chumba kizima kinanuka beberu. Sijawahi kufurahia uvundo namna ile.

3. Mnunuzi kwanza

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Uingereza ilizalisha asetoni ya baruti kwa uchachushaji wa Chaim Weizmann, kwa kutumia wanga wa mahindi. Baadaye kemikali za petroli zilipokuwa rahisi zaidi, viwanda vya aina hiyo vikafungwa, ingawa bakteria wao hawakuwa na kasoro.

Kaproiki ina wateja kwenye manukato na vyakula vya mifugo. Kabla hujanunua tangi, wapelekee chupa yako, uwaulize wanataka usafi wa kiwango gani na watalipa kiasi gani kwa kilo.