UZIO WA UMEME: MSHTUKO UNAPOTELEA WAPI?



Usiposikia kelele za fisi usiku na mashine ya uzio inalia "tik, tik", usidhani zizi limelindwa. Mlio huo unaonyesha mashine inafanya kazi. Hauonyeshi kwamba mshtuko unafika mwisho wa waya.

Inavyofanya kazi

Ndani ya mashine kuna kifaa kiitwacho kapasita. Ni kama debe: hujazwa umeme wa betri, kisha humwagwa ghafla kwenye waya, takribani mara moja kila sekunde. Kapasita ya mikrofaradi 20 iliyojazwa hadi volti 500 ina nishati ya jouli 2.5. Ikijazwa hadi volti 250 tu, haibaki nusu. Inabaki robo, jouli 0.6 hivi. Kwa hiyo chaji betri vizuri na ufute vumbi kwenye paneli ya sola.

Nishati hupotelea hapa

1. Majani. Baada ya mvua za masika, kila jani bichi linalogusa waya humwaga umeme ardhini. Fyeka chini ya waya wote.

2. Ethi. Mshtuko humpitia mnyama, hushuka ardhini na kurudi kwenye mashine kupitia vyuma vya ethi. Udongo mkavu wa kiangazi huuzuia. Chimbia vyuma vitatu visivyoshika kutu, vya mita 1.8 hivi, kila kimoja mita 3 kutoka kingine, penye unyevu. Kiangazi vimwagie maji.

3. Viungo na nguzo. Kiungo kilicholegea au chenye kutu hugeuza nishati kuwa joto. Waya usiguse mti. Tumia vishikio vya plastiki.

Pima kila wiki

Tumia kipima volti cha uzio, mwisho wa waya ulio mbali na mashine. Ukipata chini ya volti 3,000, kagua mambo hayo matatu.

Tahadhari

• Usiunganishe waya wa uzio moja kwa moja na umeme wa nyumbani. Unaua watu na mifugo.
• Usifungue mashine, hata ikiwa imezimwa. Kapasita huweza kubaki na chaji.
• Waonyeshe watoto waya ulipo, na weka kibao cha onyo.

Ndama na mbuzi waendelee kulala ndani ya boma la miiba. Betri ikiisha usiku, miiba ndiyo itakayobaki.