Watazameni Kunguru: Somo la Kuona Kabla ya Kuhukumu



Katika Luka 12:24 Bwana wetu anawaambia wanafunzi wake wawatafakari kunguru. Mathayo, katika mafundisho yanayofanana na hayo, anataja ndege wa angani kwa ujumla (Mt 6:26). Luka anamtaja ndege mmoja kwa jina, tena si ndege wa heshima: Walawi 11:15 inawahesabu kunguru, pamoja na aina zao zote, kati ya ndege najisi. Kitenzi cha Kigiriki anachotumia Luka, katanoeo, kina maana ya kutazama kwa makini mpaka akili ielewe. Katika somo hili tulishike agizo hilo kama lilivyo. Tumtazame kunguru wa Dar es Salaam, tuone anatufundisha nini kuhusu kujua na kuhukumu.

1. Bibi na kola nyeupe

Bibi yangu aliishi Kariakoo tangu ujana wake. Alikuwa akituambia sisi wajukuu kwamba kunguru wa zamani alivaa kola nyeupe kama padre. Tulicheka sana. Kila siku tuliwaona kunguru kwenye nyaya za umeme Mtaa wa Swahili na juu ya marundo ya taka karibu na soko, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na weupe. Tukaamua kwamba kumbukumbu za Bibi zimechoka.

Miaka kadhaa baadaye, nikiwa Dodoma nasubiri basi, kunguru alitua hatua chache mbele yangu. Alikuwa mweusi, lakini kifua chake cheupe pe, na weupe huo ulizunguka shingo kama kola. Nilimtazama mpaka akaruka. Bibi alikuwa ameshafariki, na sikuwa na wa kumwomba radhi.

2. Jina moja, ndege wawili

Ndege aliyemkumbuka Bibi anaitwa kitaalamu Corvus albus. Ni mwenyeji wa Afrika. Yule anayejaa Kariakoo, Mnazi Mmoja na Posta ni Corvus splendens, ambaye asili yake ni Asia ya Kusini. Huyu ni mdogo kidogo, mweusi wa kung'aa, na shingo yake ni ya kijivu. Hakuja kwa hiari yake. Katika miaka ya 1890 aliletwa Zanzibar kutoka India ili asaidie kusafisha taka za mji. Taka zikamlisha, akazaana, na baadaye akaenea hadi bara. Hula mayai na makinda ya ndege wengine, na huwavamia kwa makundi. Ndivyo yule mwenye kola alivyosukumwa nje ya jiji, hata watoto waliozaliwa Kariakoo wasimjue.

Wanaosoma mantiki wataliona kosa letu mara moja. Tulisema: kunguru wote tuliowaona hawana weupe, basi kunguru hana weupe. Tuliruka kutoka "tuliowaona" hadi "wote". Jina moja lilitufanya tudhani kuna kitu kimoja, na mtaa wetu tukaugeuza kuwa kipimo cha dunia nzima na cha nyakati zote.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, akimfuata Aristotle, anafundisha kwamba ujuzi wa mwanadamu huanzia katika hisi. Aristotle mwenyewe hakukaa tu akitafakari kuhusu uwapo. Sehemu kubwa ya maandishi yake inahusu wanyama, na alipokuwa katika kisiwa cha Lesbos alichunguza viumbe vya baharini. Mwalimu wa Tomaso, Mtakatifu Alberto Mkuu, aliandika juu ya mimea na wanyama, na mwaka 1941 Papa Pius XII alimtangaza kuwa msimamizi wa wanaosoma sayansi za viumbe asilia. Kwa hiyo kumtazama ndege kwa makini ni sehemu ya masomo yetu.

3. Nani mwenye kosa?

Jijini kunguru hawa wametegwa na kuwekewa sumu, na ipo sababu: ndege wengine wanapungua. Lakini tuwe waangalifu na lugha yetu. Tunamwita mwizi, mchafu, mkorofi. Mwizi ni mtu mwenye utashi anayeweza kuchagua kutoiba. Kunguru hana utashi huo. Anafuata maumbile yake.

Tukiuliza kwa utaratibu wa Aristotle, chanzo kilichomfikisha hapa ni watu. Kinachomfanya azidi kuongezeka ni mabaki ya chakula tunayotupa wazi. Husemwa kunguru hafugiki, lakini sisi tumemfuga kwa miaka mingi bila kujenga banda. Kumpunguza kunaweza kuwa wajibu, kwa ajili ya viumbe wengine. Kumpunguza huku taka zikibaki wazi ni kukata majani na kuacha mzizi. Na kumchukia ni kumhukumu asiye na hatia ili mwenye hatia asijitazame. Papa Fransisko katika Laudato Si' (2015), namba 33, anatukumbusha kwamba viumbe vina thamani katika nafsi zao, si kama rasilimali zetu tu.

4. Zoezi la wiki

Chagua mahali pamoja: Bustani ya Mimea karibu na Makumbusho ya Taifa, au kibarazani kwenu. Kaa dakika 15 bila simu. Andika unachokiona, usitumie neno lolote la kusifu wala kulaumu. Usiandike "kunguru mkorofi". Andika rangi ya shingo yake, alichobeba mdomoni, nani alimkimbia. Tazama pia ufa wa ukuta wa jengo la zamani: mara nyingi utakuta mche wa jamii ya mkuyu ambao hakuna mtu aliyeupanda, kwa kuwa mbegu ililetwa na ndege. Baada ya mvua za masika, tafuta uyoga kwenye gogo linalooza, uone jinsi kifo cha mti kinavyolisha kiumbe kingine.

Kisha mwulize mzee mmoja alikuwa akiona nini mahali hapo alipokuwa mtoto. Usimcheke. Huenda anakumbuka vizuri, na kilichopotea ni kile anachokisimulia.

Maswali ya kutafakari

1. Ni jina gani ninalolitumia kila siku kwa viumbe, au kwa watu, ambalo limenizuia kuwatazama?

2. Ni lini nilikataa ushuhuda wa mtu kwa sababu tu mimi sikuona alichoona yeye?

3. Nyumbani au seminarini kwetu, taka zetu zinamlisha nani?